Mlio Nyuma ya Sikio

Mtaa mzima ulimwita Dakika, kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kumwuliza saa yake itakuwa tayari lini akapata jibu jingine. "Dakika tu," alikuwa akijibu, hata kama saa yenyewe imelala mezani matumbo nje tangu mwezi uliopita. Alikuwa fundi saa, na alifanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Nusu ya chumba ilikuwa yake, nusu ya mkewe, Mama Pacha, aliyeuza vifungo, zipu na nyuzi za kushonea. Upande wa Dakika ukuta ulijaa saa, kila moja na mwendo wake, na mgeni akiingia alihisi kama ameingia kwenye mvua. Wenyewe walishazoea. Dakika aliweza kusikia saa moja ikikohoa katikati ya kelele zote hizo, akainuka na kwenda kuishika moja kwa moja.

Asubuhi moja alisikia kitu ambacho hakikuwa saa. Kilikuwa kimlio chembamba, kikavu, kama mtu anayefikicha karatasi laini kwa vidole viwili. Alidhani ni punje ya mchanga iliyoingia kwenye gurudumu. Akaanza kuzisimamisha saa za ukutani, moja baada ya nyingine, akitega sikio kila mara. Mama Pacha, aliyekuwa akipanga vifungo kwenye vikopo, alimwuliza kama leo amegoma kazi. Dakika akainua kidole amwombe anyamaze.

Saa ya mwisho iliponyamaza, chumba kilitulia hata ikasikika mashine ya kupasua mbao ya kiwanda kilichokuwa nyuma ya nyumba. Kimlio kilikuwa palepale. Akageuza shingo kulia, kikageuka naye. Akainama, kikainama. Hapo ndipo alipojua kwamba kimo mwilini mwake.

Nyuma ya sikio la kushoto alikuwa na kidonda. Kilianza kama kipele kisicho na adabu, kikapimwa, kikaitwa saratani ya ngozi. Walikikata, kikarudi. Wakakichoma kwa mionzi, kikatulia kwa muda, kisha kikarudi kwa hasira na kufunguka, kikawa shimo lenye kingo ngumu, pana kama kiganja cha mtoto. Daktari hakumficha: hicho hakitapona tena, ila kinatunzika. Kazi ya kukitunza aliichukua Mama Pacha. Kila asubuhi alikiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akakifunika kwa shashi safi na kuzungusha bandeji.

Lakini kidonda kilianza kunuka, na harufu ile ilimwumiza Dakika kuliko kidonda chenyewe. Asubuhi moja, kwenye kioo, alimwona mkewe akigeuza uso pembeni ili avute pumzi kabla ya kufungua bandeji. Picha hiyo ikamkaa. Kesho yake akamwambia kwamba kuanzia sasa atajifunga mwenyewe, anataka kumpunguzia kazi. Ukweli ni kwamba hakuwa akijifunga. Alikuwa akiongeza kitambaa juu ya kitambaa na kumalizia kwa marashi. Mchana joto likizidi alikaa barazani nyuma ya nyumba, akalegeza vile vitambaa ili ngozi ipate hewa, na mara nyingi alipitiwa na usingizi hapohapo.

Sasa aliingia chumbani na kufunga mlango. Akakaa kitandani akikipa kisogo kioo cha ukutani, akashika kioo kingine mkononi, akafungua. Mwanzoni alidhani ni nyama yenyewe inayotetemeka. Kisha macho yakazoea, akaona vichwa vyeupe, vidogo, vimebanana kama punje za wali chini ya sufuria. Vilikuwa vinazama na kuibuka, vinazama na kuibuka.

Aliweka kioo chini. Wazo lililomjia lilikuwa moja tu: hawa si ndio wanaomngoja mtu kaburini? Mbona wamekuja kabla ya mwenyewe kufika? Akataka kumwita mkewe.

Lakini Dakika alikuwa na ugonjwa mwingine, wa zamani kuliko saratani. Hakuweza kuona kitu kinajongea bila kutaka kujua kinajongezwa na nini. Hofu ilikuwapo, haikuondoka, ila pembeni yake pakaanza kuchomoza swali, na swali likamwinua kitandani. Akachukua kibano chake chembamba kuliko vyote, akakilenga kwa msaada wa vioo viwili, akavuta. Kiumbe kile kilishikilia kama kina ghadhabu. Kilipotoka alikibeba hadi mezani kwake, akakiweka juu ya kioo cha saa, akabana lenzi jichoni.

Kilikuwa na miviringo ya miiba midogo myeusi kuzunguka mwili mzima, kama nyuzi za skrubu, na miiba yote imeelekea nyuma. Ndiyo maana hakikutaka kutoka. Mbele kilichongoka, na penye ncha palikuwa na kulabu mbili nyeusi zinazoingia na kutoka. Nyuma kilikuwa bapa, na kwenye ubapa ule kulikuwa na madoa mawili ya kahawia yanayomkodolea. Dakika alisahau kidonda. Alikuwa akijiuliza ni fundi gani huyu anayeweka macho nyuma na mdomo mbele.

"Umekitoa wapi hicho?" Mama Pacha alikuwa amesimama nyuma yake.

Dakika alielekeza kidole nyuma ya sikio.

Mama Pacha akavuta kigoda, akakaa. Hakupiga kelele. Aliitazama bandeji iliyokuwa ikining'inia begani, akavitazama vitambaa vilivyoshikana kwa uchafu, na uso wake ukabadilika rangi. Alisema watu watamwona mwanamke aliyeshindwa hata kumwosha mumewe.

"Watu hawajui kwamba nilikukataza," Dakika alisema.

"Na mimi sijui kwa nini ulinikataza."

Dakika akamwambia juu ya kile kioo, na uso aliougeuza pembeni. Mama Pacha alimtazama kama anayemsikia mtu akisoma barua ya nyumba nyingine.

"Nilikuwa nageuka nisikupumulie kidondani," alisema. "Nesi alituambia tusikipumulie, ulikuwepo." Akaishika ile bandeji iliyoning'inia. "Na harufu pia. Nisikudanganye."

Sijui kama kuna jibu lingine ambalo Dakika angeliamini. Lile la kwanza peke yake angelichukulia kama huruma. Yaliposemwa yote mawili, aliona aibu, kisha akaona nafuu, kisha akamwomba mkewe amshikie kioo.

Kabla hawajaamua la kufanya aliingia shemeji, mdogo wake Mama Pacha, muuza rangi za nyumba, mtu mwenye dawa ya kila kitu na subira ya kitu chochote hana. Alikuja kuchukua uzi, akakuta saa zote zimesimama na dada yake ameshika kioo. Alipoonyeshwa alirudi hatua nyuma, akashika mdomo. Alipopata maneno alisema mambo mawili: kwamba kuna mtu amemtupia shemeji yake kitu kibaya, na kwamba mafuta ya taa yanatosha kuwamaliza wote, anayo kwenye gari, anayaleta sasa hivi.

"Shem," Dakika alimwambia, "saa yako ikiingia sisimizi unaimwagia mafuta ya taa?"

"Saa haina roho."

"Mimi ninayo. Hilo gari lako litupeleke hospitali."

Kwenye benchi la kliniki ya vidonda watu walisogea, mmoja mmoja, kwa adabu, kila mtu akijifanya anatafuta kivuli ilhali wote walikuwa ndani. Dakika alitazama sakafu. Mama Pacha alikaa amemgusa bega kwa bega na hakusogea.

Muuguzi aliyewaita alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini, ambaye alifungua vitambaa vile bila kubadilisha uso, kama anayefungua kifurushi alichokiagiza. Aliinama, akaangalia, akasema "pole, baba" mara moja tu, akaanza kazi. Alipaka mafuta mazito ya vaselini juu ya shimo lote, akalifunika, akaketi kusubiri. Dakika aliuliza kwa nini anawapaka mafuta badala ya kuwavuta.

Muuguzi alieleza kwamba wale ni watoto wa nzi. Wamezamisha kichwa kwenye nyama na kuacha nyuma juu, kwa sababu wanapumulia nyuma. Ukiwaziba hewa wanalegeza na kupanda wenyewe.

"Yale madoa mawili?" Dakika alishtuka. "Mimi nilidhani ni macho."

"Ni pua, baba. Tena ipo mkiani."

Mama Pacha akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla, akakiziba kwa kiganja, lakini muuguzi naye alikuwa ameshaanza kutikisika, na Dakika, aliyelazwa kiubavu na vaselini nyuma ya sikio, akacheka hadi akaambiwa atulie.

Alipokuwa akiwatoa, muuguzi aliendelea kusema, na maneno yake aliyaelekeza zaidi kwa Mama Pacha. Kidonda cha saratani kina harufu yake, na nzi anaifuata kutoka mbali. Akikuta pako wazi anataga ukingoni na kuondoka, haichukui hata muda wa kuchemsha chai, na mayai yanaanguliwa upesi. Wapo wagonjwa waliopatwa wakiwa wodini, kwenye shuka nyeupe. Kidonda kikifunikwa vizuri na kuoshwa kila siku, nzi hapati mlango. Hapo Dakika akasema kwamba mlango aliufungua yeye, barazani, usingizini. Alisema kwa sauti ya kawaida, ila Mama Pacha aliinua macho na kumtazama.

Daktari alikuja baadaye. Alikuwa kijana makini aliyezoea kusema kwa ufupi. Hakupenda alichokiona. Wengi wa funza wa vidondani hula nyama iliyokufa, alisema, lakini hawa wamechimba hadi penye damu, na mfupa hauko mbali. Aliandika vidonge vya kuwaua waliobaki ndani, akataka mgonjwa arudi kila siku hadi paonekane safi. Baadhi aliwatia kwenye kichupa cha spiriti awapeleke kwa mtaalamu wa wadudu chuoni, amjulishe ni wa nzi gani.

Dakika akaomba na yeye apewe. Daktari aliuliza apewe nini. Dakika akafafanua kwamba anataka wachache, hai, aone wanakuwa nini. Daktari alimtazama muuguzi, muuguzi akatazama dari. Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba chupa isifunguliwe kamwe. Njia nzima ya kurudi Mama Pacha aliipakata ile chupa kama aliyepewa yai la chatu, na shemeji aliendesha gari akiwa ameshusha vioo vyote.

Chupa ikakaa juu ya meza ya saa, imetiwa udongo mkavu na kufungwa kwa kitambaa cha wavu. Mama Pacha aliweka sheria: isivuke mstari wa katikati ya chumba. Upande wa vifungo ni wa vifungo. Yeye alirudia kazi yake ya asubuhi, maji ya chumvi na shashi, na sasa juu ya kidonda alinyunyiza unga wa vidonge alivyopewa na muuguzi, vinavyokata harufu. Dirisha la nyuma liliwekwa wavu. Mlio nyuma ya sikio ulipungua, kisha siku moja Dakika akatega na asisikie kitu. Akazianzisha tena saa zake, moja baada ya nyingine.

Wale wa kwenye chupa walikuwa wamezama udongoni. Dakika alipoikung'uta kidogo aliona wamekuwa vitu vingine: punje za kahawia, ngumu, zisizo na mdomo wala pua. Alizitazama kwa lenzi kila siku na hakuona chochote kinachojongea, na jambo hilo lilimsumbua kuliko walipokuwa wanajongea. Alimwuliza mkewe humo ndani kunatokea nini. Mama Pacha alimjibu kwamba yeye ni muuza vifungo. Lakini Dakika aliona kwamba chupa, akiiacha imeelekea dirishani, akirudi kutoka bafuni anaikuta imegeuzwa.

Kisha mchana mmoja, akiwa amejilaza, akasikia anaitwa kwa sauti ya mtu anayeogopa kuamsha kitu.

"Baba Pacha. Njoo, haraka, taratibu."

Punje moja ilikuwa imepasuka kichwani. Kilichokuwa kikitoka kilikuwa na paji la uso linalovimba kama puto, likijaa na kunywea, likijaa na kunywea, na kwa puto lile kilikuwa kikisukuma ganda na udongo. Wote wawili waliinama hadi vichwa vikagusana. Nzi alitoka akiwa wa kijivu na mchovu, mabawa yamekunjamana kama nguo iliyotoka kukamuliwa. Akapanda ukuta wa ndani wa chupa na kusimama. Polepole mabawa yakanyooka, puto likarudi ndani lisionekane tena, na mwili ukaanza kuvaa rangi, bluu iliyochanganyika na kijani, inang'aa kama chuma kilichosuguliwa.

"Mzuri," Mama Pacha alisema, na papo hapo akakasirika kwamba amesema.

Siku ya kliniki walikwenda na yule nzi ndani ya chupa. Mtaalamu wa wadudu alikuwa amekuja mwenyewe, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, kwa kuwa alitaka kumwona huyo mgonjwa anayefuga. Aliinua chupa kwenye mwanga, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema huyo ndiye aliyemdhania. Nzi wa aina hiyo hataki mzoga wala jalala. Anataka kidonda cha kiumbe kilicho hai, na watoto wake hula nyama nzima. Kwa kawaida humwendea mnyama, binadamu ni bahati mbaya.

"Maana yake kuna mnyama karibu na kwenu ambaye anaumwa sasa," alisema. "Na asipotibiwa, nzi wengine wanatoka kwake."

Swali la ni mnyama gani huyo Dakika alirudi nalo nyumbani kama mtu aliyepewa saa ya ajabu kuitengeneza. Mtaani hapakuwa na ng'ombe wala mbuzi. Alianza kuzunguka na mkewe, jioni kabla jua halijashuka, yeye na bandeji yake nyeupe, wakiulizia wanyama wenye vidonda. Muuza nyama alidhani wanamharibia biashara, akawajibu kwa mkato. Bibi mmoja mfuga sungura aliwatolea sungura wote mmoja mmoja, wakawakagua masikio, hakuna hata mmoja mwenye kidonda. Watoto waliwafuata wakidhani wamepoteza kitu.

Mama Pacha ndiye aliyesimama ghafla katikati ya njia na kuuliza ni lini mara ya mwisho walimsikia Risiti.

Risiti alikuwa mbwa wa kiwanda cha mbao, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuna aliyetoka getini bila kukaguliwa naye. Alikuwa akibweka mchana kutwa hata wakaacha kumsikia. Wakaenda. Mlinzi wa kiwanda kwanza alisema mbwa amelala, kisha alisema amesafiri, na alipoona bandeji ya Dakika na kusikia kisa chake, akainamisha kichwa na kuwapeleka nyuma ya rundo la mbao. Kiwanda na baraza la Dakika vilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Risiti alikuwa amejikunja chini ya mbao, kichwa kimeinamia upande. Mnyororo ulikuwa umemkata shingo, kidonda kikapanda hadi chini ya sikio. Mlinzi alikuwa akimpaka mafuta machafu ya mashine. Alisema alimficha kwa sababu bosi akimwona atamwua.

Dakika alichuchumaa, polepole, kwa kuwa kichwa kilimzunguka akiinama haraka. Mbwa hakubweka. Walitazamana, wote wawili shingo upande.

"Unawasikia, eh?" Dakika alimwambia.

Shemeji ndiye aliyembeba Risiti kwenye gari hadi kwa daktari wa mifugo. Alilalamika njia nzima, na kurudi alirudi naye amemfunika kwa koti lake. Sikio moja halikuokolewa. Mbwa alipona. Bosi hakumwua, alipoelezwa alikuja mwenyewe kuutoa ule mnyororo.

Dakika hakupona, na hakuna aliyemdanganya kwamba atapona. Kidonda kilikuwa safi, hakinuki kama zamani, lakini kilizidi kuwa kipana, na saa zake za kazi zilizidi kuwa chache. Aliwaambia wateja wasilete tena saa za ukutani, walete za mkononi tu. Alipoulizwa kwenye bandeji kuna nini alieleza, tena kwa kirefu, hadi wengine wakajutia kuuliza.

Huko kliniki muuguzi akamwomba siku moja aingie chumba cha pembeni. Kulikuwa na mpishi wa shule, mama wa makamo mwenye saratani ya titi, ambaye kidonda chake nacho kilikuwa kimeingiwa na funza, aliyejifunga kanga tatu kifuani na kukataa kufunguliwa. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akitazama mlango. Dakika alivuta kiti, Mama Pacha akasimama nyuma yake. Hakumwuliza chochote. Alimweleza tu juu ya kimlio, na saa alizozisimamisha, na kulabu mbili, na pua iliyo mkiani, na puto la kwenye paji la uso. Mpishi alisikiliza bila kumtazama. Mikono yake iliyobana kanga ililegea kidogo, ikabana tena, ikalegea.

Mwishowe akauliza, kwa sauti iliyokauka:

"Wanalala?"

Dakika alikumbuka usiku wake wote, akatafuta kama kuna wakati kimlio kilinyamaza, akaona kwamba hajui, kwa kuwa usiku aliyelala alikuwa yeye. Alimgeukia mkewe, mkewe akamgeukia muuguzi. Muuguzi, kibano mkononi, alifikiri kidogo, akakiri kwamba tangu aanze kazi hiyo hajawahi kuulizwa.

"Mimi naona hawalali," mpishi alisema. Akaanza kufungua kanga ya kwanza. "Lakini tazameni wenyewe."

Dakika akasogeza kiti karibu na mwanga.